Dakika Nne

Jumatano alasiri ilikuwa zamu ya wanawake.
Langoni, uani nyuma ya ghala la chumvi,
ukuta umepakwa chokaa mara mbili,
na Twalibu mlangoni, amewapa mgongo,
anapokea senti asiione hina.
Mimi wa miaka saba sikuhesabiwa mwanamume.

Filamu ilikwisha onja makasi kwao, Marekani,
ambako, nasikia, palikuwa na ofisi nzima ya wavaa suti
wakipima urefu wa busu kwa saa.
Mombasa wakaipunguza tena.
Ilipotufikia, kamati ya mtaa,
watu watatu na birika moja la kahawa,
wakakata walichosahau wenzao.

Basi yule mwanamke, mweupe kama karatasi,
anaingia chumbani, anavua glavu moja,
mara asubuhi. Stesheni. Moshi wa treni.
Glavu imerudi mkononi.
Ua mzima ukaangua kicheko.

Shangazi Barke hakucheka.
Alisimama, kivuli chake kikamkaa yule bibi shingoni.
"Ngojani," akasema, "niwape iliyobaki."
Akaitoa kinywani: busu refu, taa ikazimika.
Jumatano ya pili, filamu ile ile, ikawa kisu.
Ya tatu, mume karudi na mke mwengine,
akinamama wakalia hadi kanga zikalowa.
Walikuja kumsikiliza Barke;
picha ilikuwa mshumaa tu wa kumulikia.

Kamati ikapata habari.
Ulimi haukatiki kwa makasi,
wakamkataza mlango.

Miaka arubaini baadaye, ugenini,
nimeikuta nzima, bila kovu.
Nikaketi ukingoni mwa kiti, nikaingojea glavu.

Hapana busu. Hapana kisu.
Ameivua apate kuhesabu pesa vizuri.
Noti kwa noti, dakika nne,
akilamba kidole,
hasemi na mtu, hamgojei mtu.
Kisha anaivaa, anazima taa, anatoka,
na hadi mwisho hakuna aliyemwadhibu.

Nilimpelekea Barke habari hizo.
Mato yake yamefunga utando,
alikuwa akichambua mchele kwa vidole.
Nilidhani atasikitika
kwamba hadithi zake zote tatu zilikosea.

Vidole vikasita kwenye ungo.
"Zalikuwa ngapi?"
Sikuhesabu, shangazi.
"Hukuhesabu!"
Akatupa kijiwe kando, akaendelea.
"Rudi, kahesabu."