Hewa Haishuki

Mara ya tatu wiki hii nakaa ndani ya Corolla
nikiwa mguu tu.
Chini, Zihalirwa amelala juu ya katoni ya sabuni,
spana namba kumi, mpira mwembamba, chupa ya maji.

Kanyaga.
Nakanyaga.
Shikilia.
Nashikilia.
Mafuta yanatema povu chupani.
Achia.

Na pedali bado ni mkate wa jana uliolowa.

Kabla ya matengenezo zilikuwa zinalia, lakini zinasimama.
Sasa hazilii.
Nimelipa dola themanini kununua ukimya.

Jumatatu, mteremko wa Nyamugo, nyuma ya lori la bia,
pedali ikagusa sakafu.
Gia ya pili, breki ya mkono, jina la Mungu,
kisha rundo la mchanga wa mtu anayejenga.
Mwenyewe alitoka na sahani yake ya maharagwe.
Hakunitukana. Alisema tu:
Pole, mama. Mchanga wangu urudi.

Tumeshuku kila kitu:
silinda kubwa, pedi zilizokuja bila jina kwenye boksi,
mpira uliovimba kwa ndani ilhali nje unang'aa.
Tulipoibana mipira ya mbele kwa koleo
pedali ikawa jiwe.
Basi ugonjwa uko mbele. Lakini wapi?

Mvua ya Bukavu haibishi hodi.
Nabintu, anayeosha bolti kwa petroli,
akachuchumaa karibu na gurudumu akijikinga,
akauliza, kama anayeuliza bei ya nyanya:
Mbona skrubu ya kutolea hewa inatazama chini?

Zihalirwa akatoka uvunguni.
Akaenda upande wa pili, akapiga goti matopeni.
Hiyo nayo chini.
Kalipa ya kushoto kulia, ya kulia kushoto,
na hewa, ambayo tangu lini ilijua kushuka,
imejikalia juu, darini,
sisi tunaigojea mlangoni.

Alivua kofia. Maji yakamtiririka usoni.
Nilifunga usiku, akasema. Umeme ulikatika,
tochi ilikuwa mdomoni.
Hata mimi nilikuwa nimemharakisha. Sikusema.

Jumamosi niliteremka tena Nyamugo.
Zililia kidogo. Niliziacha zilie.
Nikasimama hatua moja kabla ya rundo,
nikashusha ndoo mbili za mchanga.

Yule bwana akazitazama, akatazama mteremko.
Zilikuwa tatu, akasema.