Sambaza Bila Unga

Muuguzi Byamungu alichora mstari katikati ya karatasi:
huku vya kula, huku vya kuacha.
Upande wa kuacha ukajaa, ukavuka ukingo, ukaendelea nyuma:
bugali wa mahindi, bugali wa muhogo, wali, viazi,
makemba, mikate, maharagwe.
Maharagwe aliyaandikia "kidogo",
kisha akaikata hiyo "kidogo".
Nikauliza: na mafuta je?
Akasema mafuta si adui yako, mwalimu. Adui yako ni unga.

Nina miaka arobaini kasoro mmoja, yote ya Bukavu,
na sijawahi kusikia unga ukiitwa adui.

Jumamosi. Mshahara wa Machi umefika mwezi wa Juni.
Tuko Nyawera, kwa Mama Cibalonza,
karai lake liko nje, mlangoni,
harufu inawakamata watu wanaopita na shughuli zao.
Bagalwa ameagiza bugali, na bugali umekuja
wa moto, mviringo,
umekaa katikati ya meza kama mwenye nyumba.
Ananawa mikono polepole. Ananifanyia makusudi.
Mimi nimeagiza sambaza za kukaanga na sombe,
nimekaa wima, msafi kama mtu aliyetoka kuungama.

Zinakuja bado zinachatachata,
limau pembeni, na ile pilipili isiyo na huruma.
Natia ya kwanza mdomoni, kichwa na mkia,
inavunjika kwru,
nami najua.
Ulimi wangu hauna diploma, lakini unga unaujua.

"Mama, umeweka unga?"
Anasimama na mwiko, mafuta yakitona chini.
"Kidogo tu, papa. Wa kupakaza.
Nisipoweka, zinashikamana."

Sasa wewe niambie:
samaki mdogo kama kidole cha mtoto,
utammenyaje?
Nimejaribu kwa ukucha. Nimejaribu kwa uma.
Nimewapangusa kwa karatasi, mmoja mmoja,
wa tatu akabaki mwiba na aibu.
Bagalwa amecheka hadi amepaliwa:
"Njooni muone, mwalimu anapasua wagonjwa!"

Mama Cibalonza ameiondoa sahani bila neno.
Nasikia karai likipiga kelele upya.
Bagalwa anamega, anafinyanga, anabonyeza kwa kidole gumba,
nami natazama lile shimo dogo
linavyochota mchuzi.

Mama yetu, mwaka wa kukimbia, kule juu Walungu,
alikuwa na unga katika kopo la maziwa.
Alianza kupima kwa kopo,
halafu kwa kifuniko cha kopo,
halafu alikuwa anagonga tu kitako cha kopo
ili tusikie.
Usiku tulilala saba, mkeka mmoja, Nsimire mdogo katikati,
na hakuna aliyeweza kugeuka
mpaka wote wageuke.
Mama anasema, "Upande mwingine," gizani,
nasi tunageuka, magoti ndani ya magoti.

"Hizi hapa. Bila unga. Nilikwambia."

Limekuja bonge moja.
Kichwa cha huyu kwenye ubavu wa yule,
mikia imefungana, macho yanatazama kila upande,
huwezi kusema samaki mmoja anaishia wapi.
"Zimeharibika," amesema Bagalwa.
Nimechukua uma nizitenganishe.
Nimeingiza meno yake mahali pamoja, halafu pengine.
Nimeuweka uma chini.

Mkono umefanya wenyewe:
umemega bonge, umelifinya,
umebonyeza kwa gumba,
umechota sombe.
Bagalwa aliacha kutafuna, akaangalia,
akanisogezea pilipili.

Mama Cibalonza amenidai sahani mbili.
Nimelipa mbili.