Karanga za Nyillan Fatty

Siku ya kura hakuna baiskeli Sinchu Maka.
Zimepigwa marufuku tangu alfajiri,
maana kengele ya baiskeli na kengele ya kura
ni ndugu wa tumbo moja,
na masikio ya karani hayaruhusiwi kubahatisha.

Karani ni mimi.
Nafundisha hesabu darasa la nne. Leo dawati langu
nimelivuta hadi mlangoni, nagawa gololi,
moja kwa kila kidole kilichochovywa wino.
Karatasi hatuna. Nyuma ya pazia yamesimama mapipa matatu,
kila moja na rangi yake na picha ya mtu anayetabasamu,
na shingo nyembamba isiyopitisha hata kidole cha mtoto.
Unadondosha. Gololi inagonga kengele tumboni mwa pipa,
inazama mchangani, inanyamaza.
Ngli.
Mara moja. Mara mbili ni wizi,
na kimya nacho kina maswali yake.

Mwangalizi mmoja, kofia nyeupe, midomo imepasuka
kwa upepo wa jangwani, aliniuliza tutahamia lini kwenye karatasi.
Nikamwambia, nyamaza kidogo, sikiliza.

Ng'ambo ya ukuta wa shule ni ua wa Nyillan Fatty.
Macho yake yaliliwa na trakoma kabla sijazaliwa.
Alipiga kura wa kwanza, akarudi kwake,
akakalia kinu kilichopinduliwa, vibuyu viwili mbele yake.
Kila kengele ilipolia
karanga moja ilihama kibuyu cha kushoto kwenda cha kulia.
Hakula hata moja.
Adhuhuri aliikawiza sala mpaka foleni ilipokatika.

Jioni tukamwaga gololi kwenye trei ya mbao yenye matundu:
mia tatu themanini na nane.
Daftari langu: mia tatu themanini na tisa.

Wakala wa buluu akavua koti.
Wakala wa njano akaanza kuwapigia simu binamu zake.
Mimi, mwalimu wa hesabu, nikahesabu tena
na tena, jasho likinitiririka hadi kwenye soksi.

Ndipo sauti ikaruka ukuta:
"Themanini na nane! Mmoja aliingia
akatoka na gololi yake mkononi.
Pipa halijaibiwa. Limenyimwa!"

Tukaleta kibuyu. Tukapanga karanga kumikumi
juu ya dawati, mawakala wote watatu wameinama
kama kuku kwenye pumba.
Mia tatu themanini na nane.
Koti likavaliwa. Sahihi zikatiwa.

Usiku nilipomrudishia kibuyu, hofu nyingine ilinishika.
"Bibi, kengele tatu hazilii sawa."
Akacheka. "La buluu lina mafua. La kijani limepasuka ukingo."
"Na nyayo za watu?"
"Za kijiji kizima. Wewe unatembea kama mtu anayedaiwa.
Na mwanangu wa kumzaa, najua alikwenda pipa gani,
nikatamani kumrushia mchi."

Kisha akaniwekea kibuyu magotini.
"Haya, wewe una macho.
Nionyeshe karanga yake ni ipi."

Sikuona kitu ila karanga.
Akazikaanga na chumvi, zote, tukala,
na wale binamu waliokuja na fimbo wakala pia.

Nani alishinda? Redio ilisema, mwajua wenyewe.
Wengine walilia, wengine walipiga honi hadi wakachoka,
na Jumatatu shule ikafunguliwa.

Mvua za Julai ziliponyesha, wavulana wangu
walikuwa wakicheza gololi kwenye tope la uwanja.
Za chupa, za kokwa, za chuma cha gari bovu.
Moja ilikuwa safi mno, haina hata mkwaruzo,
na kijana aliyewatazama, mjukuu wa Nyillan,
mwaka huo alikuwa wa kupiga kura kwa mara ya kwanza.
Akaniona nimeiona.

Ilibingirika, ikagonga ndoo ya maji ya kunywa.
Ngli.
Nikainua chaki, nikaingia darasani.