Vaa, Vua

Oulu, Januari, saa tisa alasiri,
na jua limeshafunga ofisi.
Tuure ana kahawa iliyopoa, soksi mbili zisizofanana,
na programu-jalizi ya mistari kumi na minne
inayojua kazi moja:
ukibofya kitu, kinavaa mtindo;
ukibofya tena, kinavua.

Vaa, vua. Irabu moja tu imebadilika.
Kunja, kunjua. Ziba, zibua.
Tuure hakijui Kiswahili,
lakini miezi minne amekuwa akiifundisha mashine
huo mkia wetu wa kutengua.

Hilppa, muuza glavu za sufu, amepiga simu:
"Nikigusa picha ya glavu, kisanduku hakiwaki nyekundu.
Nikigusa pembeni, ukingoni kabisa, kinawaka.
Wateja wangu wana vidole vinene, Tuure.
Hawatafuti kingo."

Akafungua tumbo la ukurasa.
Hakuna kilichokufa. Picha inasikia, inasikia mno.
Ila picha ni mtoto wa kisanduku,
na mbofyo ukimgusa mtoto hupanda kwa mzazi:
mtoto anavika nyekundu,
mzazi anavua,
Hilppa hajapepesa jicho.

Dawa anaijua, ni mstari mmoja:
ishia hapo, usimpelekee mama.
Alifika nusu yake
vidole vikaganda.

Jumapili, kwenye simu, alimwambia Venla
(miaka saba, anaishi Rovaniemi kwa mama yake)
kwamba kiangazi hiki huenda asije kumchukua.
Kabla ya chakula cha jioni maneno yalishapanda.
Mama hakufoka, na hilo ndilo lililomchoma:
"Ungeniambia mimi kwanza."

Akaufuta mstari, herufi moja moja, kutoka nyuma.
Akaandika mwingine, mrefu, usio na madaha:
acha upande. Mzazi asikie.
Ila kabla hajatenda lolote ajiulize,
nimeguswa mimi, au mtoto?

Saa kumi na dakika tano Hilppa aligusa glavu.
Kisanduku kikavaa nyekundu, kikatulia.
Akagusa tena, akagusa tena,
kama mtu anayejaribu swichi ya nyumba mpya,
akatuma ujumbe wa neno moja: Imewaka.

Tuure hakuusoma.
Alikuwa amesimama ngazini bila koti,
taa ya pale ikijizima kila baada ya dakika,
akipunga mkono iwake,
akisubiri Rovaniemi ipokee:
namba ya mama,
si ya mtoto.