Tatu Huhesabiwa Mfalme

Saa kumi na moja alfajiri Eibar bado imejifunika ukungu,
nami nachanga karata za marehemu baba juu ya meza ya jikoni:
arobaini, zimelegea kama masikio ya ng'ombe,
zinanuka tumbaku,
kona zimeliwa na vidole vya wanaume waliokwisha kuzikwa.
Kopa zetu ni vikombe kweli, shupaza ni panga,
uru ni dhahabu, pau ni magongo yenye vifundo.
Nachomoa moja. Hiyo ndiyo itakayoniamuru leo.

Nina miaka hamsini na miwili.
Daktari Zubiaurre alinisogezea namba za sukari
kama mwalimu anayemrudishia mtoto daftari, asiseme neno.
Wiki ile ile, karakanani, niliinama kuokota nati
nikabaki huko huko chini.
Unai, mwanagenzi, akaniinua kwa makwapa
kwa adabu iliyoniuma kuliko kiuno.

Ghulamu wa pau hana ndevu, hana farasi, ana gongo tu.
Siku yake natumwa:
nampandishia Bi Kontxi mtungi wa gesi ghorofa ya tano,
lifti imekufa tangu Pasaka.
Nachuchumaa mara hamsini bila kuuliza za nini.
Mwanzoni niliona haya, mtu mzima na mvi zangu kuwa tarishi.
Lakini ni yeye aliyenirudishia
kufunga kamba za viatu bila kushika ukuta.

Mpanda farasi wa shupaza simwamini.
Anapenda mno kutazamwa.
Mwezi wa Februari alinituma mlimani nyuma ya Unai,
nikapanda kama moto wa makaratasi,
nikashuka kwa makalio, goti limevimba kama mkate.
Siku hizi akitokea namkubali, ila namvuta hatamu:
nusu ya kilima, kisha nageuka
wakati miguu ingali inataka kuendelea.
Hapo ndipo penye kazi.

Mfalme hakimbii popote.
Joho limemfika visiginoni, amesimama.
Siku ya mfalme nalala mapema,
nala maharage bila soseji,
na baani nasema hapana kwa glasi ya pili.
Hapana ya mfalme haina kelele.
Ufalme wenyewe mdogo: kilo tisini na nne, na ulimi mmoja,
na raia wakorofi kuliko wote ni ulimi.

Mfalme wa kopa alipotea.
Baba alimwacha mahali fulani, usiku ambao hakurudi nyumbani,
na mama hakuuliza, au aliuliza sisi tumelala.
Akakata kipande cha kalenda,
akachora taji kwa penseli, na kikombe kilichopinda.
Nikimpata huyo wa karatasi, sinyanyui kitu.
Nampigia simu dada yangu Garazi, tuliyenuniana juu ya nyumba.
Mara mbili hakupokea.
Mara ya tatu tulizungumza juu ya mvua.
Moyo nao ni msuli, alisema daktari;
hakusema unaunyanyulia nini.

Leo imekuja tatu ya pau.
Magongo matatu, basi. Haina uso, haina joho.
Nilitaka kuirudisha nichomoe nyingine,
mkono ukakataa, nikamsikia mzee
akigonga meza ya baa kwa kifundo cha kidole:
katika mus, mjinga wewe, tatu huhesabiwa mfalme.
Maisha yake yote alikuwa tatu, fundi wa zamu ya usiku,
na kuna mikono aliyoshinda.

Navaa viatu. Nimesimama kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine.
Ngazi za kwa Kontxi ni themanini na nane;
kwenye ya arobaini naweka mtungi chini, napumua,
sijifichi.
Anafungua kabla sijagonga.
"Umechelewa," anasema.
"Na ukishuka, chukua takataka."