Refa wa Raga ya Vyuo

Uwanjani Tononoka, filimbi i mkononi,
Ngumbao akachomoka, bega likenda kichwani,
Mpinzani kaanguka, kinywa chake mchangani,
Nyekundu ikainuka, chupa zikaja usoni.

Kosa lake naliona, sheria haina swali:
Kichwa ni kichwa, kijana, japo nia i halali.
Mwanzo walipogongana, damu yake sikujali,
Nikasema sikuona, jua machoni li kali.

Leo mlangoni mwangu Ngumbao kaja na kovu,
Hakutaja kosa langu, kaonyesha tu kidevu.
Nikatoa kiti changu, na mahamri makavu.
Nyekundu hiyo ni yangu; kuitoa sina nguvu.