Mama Mafua

Wambugu wa duka la dawa, pale kona ya Kaptembwo,
ndiye aliyenibandika jina hilo.
Sikuwa na mafua. Nilikuwa na jua.

Jua la saa tatu asubuhi, likipenya matundu ya misumari,
vitobo kumi na saba kwenye mabati,
nikivihesabu chali
baada ya usiku mzima wa kufunga mikate kiwandani.
Mji unakunywa chai, unapaka siagi
juu ya kazi ya vidole vyangu,
nami nimelala macho,
kinu cha jirani kinanisaga pamoja na mahindi.

Cha kwanza alinipa Chelimo, mwenzangu wa zamu:
kidonge cha njano, kidogo kama punje ya mtama.
"Ni cha mafua tu. Hata watoto hunywa."
Nikalala usingizi wa pono,
samaki nisiyewahi kumwona.
Wetu huku ni heroe,
hulala wima ziwani kwa mguu mmoja
na hawadaiwi na mtu.

Kimoja kikawa viwili. Viwili vikaita mwenzao.
Nikajifunza kupiga chafya mbele ya kaunta,
kupitisha sauti puani,
nikawa na duka la Jumatatu na duka la Alhamisi,
na la Bondeni, ambako hakuna anijuaye,
kwa siku za aibu.
Shilingi kumi, lepe la usingizi.
Naamka jioni mdomo mkavu kama gunia,
kichwa kimejaa unga,
namwita mwanangu kwa jina la kaka yangu marehemu.

Aliyelala usimwamshe, walisema wahenga,
ukimwamsha utalala wewe.
Hawakuongeza lolote kuhusu mvua.

Mvua ilishuka kutoka Menengai saa tisa na nusu.
Nyamweya, miaka minane, ametoka shule,
mlango una komeo kwa ndani.
Nilipofungua, saa kumi na mbili, nikienda kazini,
alikuwa ameketi kizingitini, begi kichwani,
sweta ya kijani ikichuruzika.
"Nilibisha, mama. Nikabisha.
Kisha nikaona nisikuamshe."

Kazini sikwenda.
Usiku huo mafua yaliingia nyumbani kwangu kweli,
ya kamasi, ya homa, ya kifua kukwaruza.
Nikapapasa kopo la majani ya chai nilimokuwa nikificha:
karatasi za fedha tupu, zimetobolewa zote
kama mabati yangu.

"Mama Mafua! Za kawaida?"
"Ya maji. Ya mtoto."
Wambugu akaandika kijiko kimoja, mara tatu.
"Na zako?"
Kaunta ilikuwa baridi chini ya viganja.
"Nimepona," nikasema,
uongo wa mwisho, au wa kwanza wa aina mpya.

Hakuna aliyenionya kuwa usingizi hulipiza.
Siku tano. Ngozi iliwasha nikajikuna kwa gunzi.
Miguu ilikwenda mbio kitandani bila mimi.
Kiwandani nikafunga mikate miwili katika karatasi moja,
msimamizi akanikata mia mbili
na kuniuliza kama nimeanza kunywa.
Siku ya sita nilifika hadi Bondeni.
Nikasimama ng'ambo ya barabara, sarafu mkononi,
na chafya ikaja yenyewe, ya vumbi, ya haki.
Nikacheka peke yangu, watu wakanipisha.
Nikarudi na ndizi.

Jumamosi Nyamweya aliweka kigoda juu ya meza,
akapanda na kipande cha sabuni,
akaziba vitobo kimoja kimoja, ulimi nje.
Kumi na kimoja. Vilivyosalia
viko mbali na mkono wake.

Mlango sasa naurudishia tu.
Kinu kinasaga. Mahubiri ya spika yanapita ukutani.
Jua lina macho sita, nami nayahesabu.
Jana nilifika la nne,
kisha sijui.